Namna ya Kufuatilia Bungeni Fedha za Matangazo ya Serikali

Fedha ambazo serikali hutumia kujitangaza huwa sehemu ndogo ya bajeti nzima, na pengine ndiyo sababu wabunge wengi huzipita haraka wakikimbilia mafungu ya barabara, ulinzi na mishahara. Naamini zinastahili kukaguliwa kwa makini kuliko ukubwa wake unavyodokeza, kwa kuwa zina uwezo ambao fedha za ujenzi hazina: zinaweza kumpamba aliyezitumia mbele ya wapiga kura, na wakati huohuo zinaweza kumnyamazisha mwandishi ambaye kazi yake ni kuyahoji matumizi hayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya hesabu (kamati ya Bunge inayopitia matumizi ya serikali), mtumishi wa Bunge anayemwandalia maswali, na mwananchi au mwandishi wa habari anayetaka kufuata njia hiyohiyo akiwa nje ya ukumbi.

Anza na maneno kabla ya tarakimu

Bunge linapopitisha bajeti huidhinisha mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi cha fedha na madhumuni ya kiasi hicho. Mjadala huzunguka kiasi, ilhali mlango wa matumizi mabaya mara nyingi hufunguliwa na madhumuni yaliyoandikwa kwa ulegevu. Australia inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2005 serikali ya huko ilirusha matangazo ya kutetea mageuzi ya sheria za kazi kabla muswada wenyewe haujawasilishwa bungeni. Kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mbunge mmoja wa upinzani walikwenda katika mahakama ya juu kabisa, wakidai kwamba Bunge halikuwa limeidhinisha matumizi hayo. Majaji waliokuwa wengi waliikataa hoja yao, kwa kuwa sheria ya matumizi ilikuwa imeandikwa kwa upana mno hata ikawa vigumu kuonyesha kwamba fedha zilivuka mipaka yake. Lengo lililotajwa kwenye bajeti ya wizara husika lilizungumzia tu mahali pa kazi penye tija kubwa zaidi na malipo makubwa zaidi, na karibu tangazo lolote kuhusu kazi lingeweza kujisitiri chini ya maneno hayo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla fedha hazijatoka, katika kikao cha kamati kinachopitia makadirio. Dai kwamba matangazo yawe na kasma yake, yaani fungu lake maalumu katika bajeti, na kwamba maelezo ya kasma hiyo yataje kampeni zilizokusudiwa pamoja na walengwa wake. Dai pia sharti kwamba fedha zisihamishiwe humo kutoka kasma nyingine bila Bunge kuarifiwa. Ukikuta maneno kama "kuimarisha mawasiliano na wadau", usiyapitishe hadi afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za wizara, aeleze ni nini hasa ambacho maneno hayo hayaruhusu. Swali hilo ni fupi, na majibu yake yataingia kwenye kumbukumbu rasmi ambazo mkaguzi anaweza kuzirejea baadaye.

Tafuta jumla iliyo ya kweli

Ni nadra fedha za matangazo kukaa mahali pamoja. Hutawanyika katika wizara, wakala wa serikali na mashirika ya umma, na huvaa majina mengi: uhamasishaji, elimu kwa umma, machapisho, maadhimisho, uhusiano na umma, utafiti wa maoni. Ukiuliza wizara moja ilitumia kiasi gani "kwa matangazo", utajibiwa kwa usahihi kabisa na bado hutakuwa umejua chochote.

Andika fasili yako mwenyewe ndani ya swali. Ijumuishe gharama za kubuni na kutengeneza tangazo, kununua nafasi au muda wa hewani, malipo kwa watu wenye wafuasi wengi mitandaoni, kamisheni za wakala wa matangazo, na utafiti uliofanywa kabla na baada ya kampeni. Kisha upeleke swali hilohilo, neno kwa neno, kwa kila wizara na kila shirika, ukitaja tarehe ya mwanzo na ya mwisho wa kipindi. Tumia swali la maandishi, kwa sababu swali la papo kwa papo humpa waziri nafasi ya kuhutubia, wakati swali la maandishi humlazimisha kuleta jedwali. Omba takwimu za miezi badala ya mwaka mzima. Mwaka mzima huficha jambo ambalo miezi hulifichua, yaani matumizi yaliyopanda ghafla katika majuma ya kabla ya uchaguzi.

Fuata fedha hadi kwa mpokeaji wa mwisho

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo kamati nyingi hukomea njiani. Serikali kwa kawaida hailipi gazeti au kituo cha redio moja kwa moja. Humlipa wakala, wakala huwalipa wengine, na kila mkono fedha zinapopita huweza kubaki na sehemu yake. Kwenye vitabu vya wizara utaona jina la wakala peke yake.

Kilichotokea Kanada kinafaa kusomwa na kila anayeingia kwenye kamati ya hesabu. Mnamo Februari 2004 iliwasilishwa bungeni taarifa ya Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser kuhusu mpango wa serikali kuu wa kudhamini matukio ya kijamii, ambao ulinuiwa kuifanya serikali hiyo ionekane zaidi, hasa katika jimbo la Quebec. Kati ya mwaka 1997 na 2003 mpango huo ulitumia takriban dola milioni 250 za Kanada, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilikwenda kwa makampuni ya mawasiliano kama ada na kamisheni. Baadhi ya fedha zilipitishwa kwa wakala na kuishia katika taasisi nyingine za serikali hiyohiyo, huku wapitishaji wakikata kamisheni bila ushahidi wa kutosha wa kazi waliyoifanya. Mkaguzi alieleza pia kwamba Bunge halikuwa limearifiwa malengo halisi ya mpango. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji John Gomery ilifuata, na taarifa yake ya kwanza ikatoka Novemba 2005.

Fundisho la kiutendaji ni kwamba lazima uombe mnyororo mzima wa nyaraka kwa kila mkataba uliouchagua: tangazo la zabuni na alama za washindani, mkataba wenyewe, oda ya kazi, ankara ya wakala, ankara ya chombo cha habari iliyoambatishwa nyuma yake, hati ya malipo, na uthibitisho kwamba tangazo lilitoka. Uthibitisho huo ni nakala ya ukurasa wa gazeti, au kumbukumbu ya urushaji inayoonyesha siku na saa. Ankara ya wakala ikisema muda wa hewani uligharimu kiasi fulani na ankara ya kituo ikaonyesha kiasi kidogo, umeshaipata hoja yako. Huwezi kufanya hivyo kwa mikataba yote, na huna haja. Chagua michache mikubwa, michache iliyotolewa bila ushindani, na michache kwa bahati nasibu ili asiwepo wa kujiona salama.

Chunguza ujumbe wenyewe

Tangazo linaweza kuwa limelipiwa kwa utaratibu halali na bado likawa propaganda ya chama kwa fedha za walipa kodi. Jiulize kama mwananchi akilisoma atajua cha kufanya: apate chanjo wapi, ajiandikishe lini, ni haki gani amepewa na sheria mpya. Ikiwa baada ya kulisoma anabaki na hisia tu kwamba viongozi wake ni wema, basi waziri ana deni la maelezo.

Jimbo la Ontario nchini Kanada lilitunga sheria mwaka 2004 iliyompa mkaguzi mkuu wa jimbo mamlaka ya kupitia matangazo kabla hayajatoka na kuyazuia yaliyo ya kichama. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliibana tafsiri ya "kichama" ikawa ni mambo machache yanayoonekana kwa macho, kama vile jina, sauti au picha ya mwanasiasa, au nembo na rangi ya chama, na hivyo uamuzi wa mkaguzi mwenyewe ukapunguzwa nguvu. Anayetaka kuandaa kanuni ya namna hii asome matoleo yote mawili sambamba, kwani tofauti yao ndiyo tofauti kati ya kichujio na mapambo.

Kagua vilevile kama chanzo kimetajwa. Nchini Marekani, sheria za matumizi zimekuwa na katazo la propaganda isiyoidhinishwa na Bunge tangu mwaka 1951. Mwaka 2004 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la huko iliamua kwamba katazo hilo lilivunjwa, baada ya wizara ya afya kutengeneza video zilizofanana na taarifa za habari bila kumjulisha mtazamaji kwamba serikali ndiyo iliyozitengeneza.

Uliza nani alichagua vyombo

Omba orodha ya vyombo vya habari vilivyolipwa, kiasi kilicholipwa kwa kila kimoja, na takwimu za hadhira zilizotumika kuvichagua. Linganisha. Chombo chenye wasomaji wengi kikikosa matangazo kuanzia mwezi kilipochapisha habari isiyoipendeza serikali, kamati inapaswa kumwita aliyetoa uamuzi huo na kumtaka alete vigezo vyake vya maandishi. Angalia pia madeni, kwa sababu malipo yanayocheleweshwa makusudi yanaweza kuwa adhabu kama vile kunyimwa kazi. Jambo hili halina budi kuanzia bungeni, kwa kuwa mhariri anayesubiri hundi ya serikali hawezi kutegemewa kulianzisha yeye.

Jibu la "siri ya kibiashara"

Utakutana nalo pale wizara inapokataa kukuonyesha mkataba. Usilibishie kwa jumla. Taka wizara itaje ni kifungu gani cha mkataba kinachohusika, nani ataumia kikitolewa, na kwa muda gani. Bei ya jumla iliyolipwa na umma haiwezi kuwa siri dhidi ya umma huohuo. Seneti ya Australia ilipitisha agizo mwaka 2001 linalotaka taasisi za serikali zichapishe orodha ya mikataba ya kuanzia dola 100,000 na kueleza kama ina vifungu vya siri na sababu zake. Kwa aliye nje ya Bunge, sheria ya haki ya kupata taarifa ndiyo njia kuu. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za aina hiyo mwaka 2016, na ombi lililotaja namba ya mkataba hujibiwa kwa urahisi zaidi kuliko ombi la "taarifa zote".

Mahojiano na ufuatiliaji

Anayehojiwa kwenye kamati ya hesabu ni afisa masuuli, kwa kuwa yeye ndiye aliyetia saini. Muulize alichokiona, alichokithibitisha na alichokikataa, na mwachie waziri maswali ya sera. Uenyekiti ukishikwa na upinzani, kama ilivyo desturi katika kamati ya hesabu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1861, wajumbe wa chama tawala hupungukiwa na shinikizo la kumlinda waziri wao.

Mapendekezo ya kamati yaandikwe yakiwa na jina la cheo kinachowajibika, kitendo kinachotakiwa na tarehe. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 229, inalipa Bunge miezi mitatu tangu kupokea taarifa ya ukaguzi kuijadili na kuchukua hatua. Pasipo na ukomo wa namna hiyo, kamati ijiwekee wake. Weka jedwali la mapendekezo yote ambayo hayajatekelezwa, na afisa masuuli huyohuyo atakaporudi kuomba fedha za matangazo za mwaka unaofuata, jedwali hilo lisomwe kwanza, kabla ombi jipya halijafunguliwa.