Rangi za wateja zikae sehemu moja

Wakuu, kama mna sistimu moja wanaitumia wateja watano, msikopi projekti nzima eti kwa sababu mmoja kataka rangi yake, mi nilifanya hivyo nikajikuta narekebisha bagi (hitilafu) moja mara tano hadi saa nane usiku. Rangi, logo na jina la mteja weka kwenye databesi, ukurasa ukifunguka soma domeni (anwani ya tovuti, kila mteja na yake) ujue ni nani, halafu mwaga rangi zake juu kabisa kwenye :root ya CSS (sehemu inayoshika ukurasa mzima) kama kigeu --rangi-kuu, batani zote ziite var(--rangi-kuu) basi. Ila pima maandishi kama yanasomeka, uwiano wa mwanga kati ya rangi ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usishuke chini ya 4.5 kwa 1, maana kuna mtu atakuja na njano ya ndizi mbivu na anataka maandishi meupe juu yake 😅