Somo: Kupima oili ya mashine ya boti (fo-stroku, ile ambayo oili haichanganywi na petroli)

Leo asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, nimeulizwa tena jinsi ya kupima oili, mara ya nne wiki hii. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza nitamwelekeza huku.

1. Zima mashine, subiri dakika 10 oili ishuke.

2. Ishushe isimame wima. Hapa ndipo nilipoharibu. Boti ilikuwa imevutwa mchangani, mashine nimeiinua pangaboi lisiguse chini. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: kikavu. Nikamimina nusu lita. Kikavu. Nikaongeza tena. Kumbe oili ilikuwepo, imelalia upande wa pili tu. Kesho yake, safari ya Mwamgongo, moshi mzito, oili imepanda mpaka njia ya hewa, abiria wamenikodolea macho. Ziada niliitoa kwa bomba la sindano na kimpira, kidogo kidogo, nusu siku. Usipime mashine ikiwa imeinuliwa, hata kama mwenye boti anakuhimiza.

3. Chomoa kijiti, futa, kirudishe mpaka mwisho, chomoa usome. Iwe kati ya alama mbili.

4. Imepungua? Ongeza kidogo, pima tena.

5. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe.

MASWALI

– Mkuu, nina tuu-stroku ya hosipawa 40, mbona sioni kijiti?
– Hakipo. Rudi usome kichwa cha somo. Yako oili inachanganywa na petroli.

– Lazima kusubiri dakika 10? Abiria wangu hawana subira.
– Basi usisubiri. Mtasubiri wote katikati ya ziwa.

– Shikamoo fundi. Yangu haipungui, inaongezeka, na sijaongeza kitu. Tunavua dagaa usiku, Katonga.
– Marahaba mdogo wangu, hili ndilo swali. Mnatembea polepole muda mrefu?
– Ndiyo, na kuzunguka taa.
– Basi mashine haipati joto la kutosha. Petroli isiyoungua inapenya kwenye ringi za pistoni, inashukia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, badilisha oili hata kama saa zake za kubadilishwa hazijafika, na mpe fundi aangalie themostati (kidude kinachodhibiti joto la mashine), huenda imekwama wazi. Mkirudi asubuhi, ikishapata moto, ipe mwendo kidogo badala ya kunyata mpaka ufukweni.
– Asante sana. Na ile chafu nimwage wapi?
– Si ziwani, maji hayo tunakunywa.

– Fundi, oili chafu mimi huwa nampelekea seremala huku Ujiji, anapaka mbao zisiliwe na mchwa. Dumu likijaa anakuja mwenyewe.