Kutambua umri wa besi ya zamani: tegemea lehemu (risasi ya kuungia nyaya), namba ya mfululizo iache mwisho

Gitaa la besi la kampuni ya Marekani ya Fender la miaka ya 50 hadi 70 hufunguka kwa bisibisi moja. Skrubu nne zikitoka (tatu kwenye Jazz Bass nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 70), shingo iko mkononi. Nyingine chache, nyaya zote ziko nje. Sifa hiyo hiyo iliyofanya matengenezo yawe rahisi ndiyo inayowasumbua wakusanyaji leo, maana kila kipande kinaweza kuwa kimetoka kwenye gitaa jingine. Kabla ya kutaja mwaka, hakikisha shingo, mwili, pikapu (koili na sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na poti (vidhibiti vya kuzungusha vya sauti) vilitoka kiwandani pamoja.

Hatua ya 1: Vifaa

Bisibisi ya nyota namba 2 inayokaa sawasawa kwenye skrubu, tochi ya kawaida, tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno), kioo kidogo, multimita (kipimo cha umeme) na simu ya kupigia picha. Bisibisi ya umeme isikaribie gitaa la zamani hata kidogo: inararua mbao kwenye tundu kabla mkono haujahisi.

Hatua ya 2: Toa shingo

Legeza nyuzi mpaka zining'inie, laza gitaa kifudifudi juu ya taulo, kisha fungua skrubu za bamba la nyuma. Shingo ikigoma, usiichokonoe pembeni, rangi itabanduka. Acha skrubu zikiwa zimetoka milimita 3 hivi, halafu bonyeza vichwa vyake kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine. Zenyewe zitaisukuma shingo. Ukikuta kipande chembamba cha kadi ndani ya mfuko wa shingo (tundu la mwili linaloishika), kitunze, kiliwekwa kurekebisha pembe.

Sasa tazama kisigino cha shingo, yaani ncha iliyokuwa ndani ya mwili. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 tarehe iliandikwa kwa penseli. Kuanzia 1962 ni muhuri wa wino, kwa mfano "7 MAR 64 A". Wengi huusoma "tarehe 7 Machi" na hapo ndipo wanapopotea. Hiyo 7 ni namba ya aina ya shingo: 7 ni Jazz Bass, 5 ni Precision Bass, aina mbili za besi za Fender. Herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale nyuzi zinapoingia kwenye kichwa: A ni inchi 1½, B ni 1⅝, C ni 1¾. Kwa hiyo shingo hii ni ya Machi 1964, siku haikutajwa. Precision yenye muhuri unaoanza na 7 imeazima shingo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 mihuri inakuwa safu ndefu ya tarakimu; hiyo usiisome kwa kanuni hii.

Tena, tarehe hiyo ni ya shingo peke yake. Gitaa zima linaweza kuwa limeunganishwa miezi kadhaa baadaye.

Hatua ya 3: Poti na lehemu

Hapa usiharakishe. Kwenye Precision za kuanzia 1957 poti ziko chini ya bamba kubwa la mbele. Kwenye Jazz ziko chini ya bamba dogo la chuma. Inua polepole, nyaya ni fupi.

Mgongoni au ubavuni mwa poti tafuta namba ya tarakimu 6 au 7. Tatu za kwanza ni mtengenezaji wa poti: 137 ni kampuni ya CTS, 304 ni Stackpole. Mbili za mwisho ni wiki. Zilizobaki katikati ni mwaka. Basi 1376612 ni CTS, wiki ya 12 ya 1966. Poti za miaka ya 50 huwa na tarakimu moja tu ya mwaka, kwa hiyo 304 7 21 ni wiki ya 21 ya 1957, lakini ikisomwa bila kutazama gitaa lenyewe inaweza kudhaniwa ni ya 1967. Ukipata wiki inayozidi 53, umesoma namba nyingine.

Mara nyingi lehemu imefunika tarakimu moja au mbili. Usiikwangue. Usiiyeyushe. Usiisugue kwa spiriti. Kiungo cha lehemu kisichoguswa ni ushahidi mzito kuliko namba iliyo chini yake, na ukishakiharibu hakirudi. Elekeza tochi kwa ubapa, zungusha kioo, piga picha kadhaa na uzikuze. Tarakimu nusu inatosha ukilinganisha na poti ya pili.

Kisha soma maana yake kwa uangalifu. Poti inakwambia gitaa halikuunganishwa *kabla* ya wiki ile. Haisemi liliunganishwa lini baada yake. Fender walipata shehena kubwa ya poti za 1966 na wakaendelea kuzitumia kwa miaka, hivyo besi ya 1968 au 1969 yenye poti za 1966 ni jambo la kawaida kabisa. Kinyume chake, poti ya 1971 ndani ya besi inayouzwa kama ya 1964 ina maana poti imebadilishwa, au mwaka uliotajwa si kweli.

Lehemu ya zamani ina rangi ya kijivu iliyofifia, uso laini, na pembeni kuna utomvu wa kahawia kama asali iliyokauka. Lehemu mpya yenye risasi hung'aa. Ila kufifia peke yake hakutoshi: lehemu ya kisasa isiyo na risasi nayo ni ya kijivu, ingawa uso wake una chembechembe. Tazama zaidi nguo inayofunika waya. Ikiwa imeungua au imerudi nyuma karibu na kiungo, mtu aliwahi kurudi pale na chuma cha moto.

Hatua ya 4: Pima pikapu

Chomeka kebo, fungua sauti yote, pima ukinzani kwenye ncha ya kebo. Pikapu ya Precision kuanzia 1957 ina nusu mbili zilizounganishwa mfululizo. Koili moja ikikatika, multimita itaonyesha karibu kilo-ohm 250, yaani unasoma poti tu.

Hatua ya 5: Mwili na rangi

Kwenye miili ya kabla ya mwisho wa 1964 tafuta matundu madogo ya misumari chini ya bamba la mbele. Misumari iliushikilia mwili wakati wa kupaka na kukausha rangi, kwa hiyo ndani ya tundu panatakiwa kuwa mbao tupu. Rangi ikiwa imeingia ndani, gitaa limepakwa upya.

Zima taa, washa UV. Vanishi ya nitro (nitroselulosi) iliyozeeka hung'aa kijani-njano. Mahali palipoguswa upya hubaki giza. Kuanzia 1968 mwili ulipakwa poliesta nzito lakini uso wa kichwa ukabaki nitro, kwa hiyo kichwa cha njano kwenye gitaa la miaka ya 70 si kosa.

Hatua ya 6: Namba ya mfululizo

Kuanzia katikati ya miaka ya 50 mpaka 1976 ipo kwenye bamba linaloshikwa na zile skrubu za shingo. Mabamba hayakutumika kwa mpangilio, basi namba inatoa makadirio tu. Baadaye ilihamia kichwani: S7 ni 1977, S8 ni 1978, na hata hapo miaka hupishana.

Besi za kampuni nyingine, Rickenbacker, za 1961 hadi 1986 ni rahisi zaidi: herufi mbili kwenye bamba la tundu la kebo, ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1961, na ya pili ni mwezi. MC ni Machi 1973. Bamba hilo nalo hubadilishika.

Hatua ya 7: Rudisha

Weka skrubu kwenye tundu lake, izungushe *kinyume* mpaka uhisi imeshuka kidogo kwa mlio mdogo. Imepata njia yake ya zamani. Sasa kaza kwa mkono, na usimame mara tu inapokuwa nzito.