Viza ya mwekezaji ya Marekani: ya kuweka sawa kabla hujaitwa ubalozini

Wanaoomba viza ya uhamiaji ya mwekezaji, ile EB-5, huulizana sana ubalozi unachukua muda gani kuita watu kwenye mahojiano. Lakini ubalozi ni kituo cha mwisho. Nyuma yake kuna foleni nyingine mbili, na miaka mingi huishia huko. Jua kwanza umekwama ipi, ndipo uamue karatasi gani uanze kuzitafuta leo na zipi zingoje.

Foleni ya kwanza ni ya idara ya uhamiaji, USCIS. Hapo ndipo ombi la uwekezaji linapopitiwa: dola 800,000 kama mradi uko vijijini au kwenye eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira, dola 1,050,000 kwingine, na ajira 10 kwa kila mwekezaji. Likipita, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kule New Hampshire.

Foleni ya pili, ya kungoja namba ya viza, ndiyo inayowachanganya wengi. Viza za kundi hili ni takriban 10,000 kwa mwaka wa kawaida, wake, waume na watoto wakiwa humo humo, na kila nchi ina kikomo cha asilimia 7. Wachina na Wahindi ni wengi, kwa hiyo wao husubiri zaidi. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza tarehe iliyofikiwa, yaani waliowasilisha ombi USCIS kabla ya siku hiyo ndio zamu yao, na tarehe hiyo inaweza hata kurudi nyuma. Aprili 2025, kwa viza zisizotengewa fungu maalumu, India ilirudishwa mpaka Novemba 2019 na China mpaka Januari 2014. Aliyekuwa amebakiza hatua moja aitwe akajikuta nje ya mstari, na ubalozi haukuhusika hata kidogo. Miradi ya vijijini ina fungu lake la asilimia 20 tangu sheria ya 2022, na ndiyo maana mawakili wengi siku hizi huwasukuma wateja upande huo.

Hapa kuna jambo ambalo familia za Afrika Mashariki zisilipite haraka. Nchi inayohesabiwa ni uliyozaliwa, pasipoti haiangaliwi. Mtu aliyezaliwa Mombasa au Zanzibar, akakulia Mumbai na kuchukua uraia wa India, anahesabiwa Kenya au Tanzania, na huko foleni hii haina msongamano wa kuizidi asilimia 7. Kinyume chake, Mkenya aliyezaliwa Rajkot yuko foleni ya India hata kama amebeba pasipoti ya Kenya tangu utotoni. Akiwa na mke aliyezaliwa Nairobi na wanahama pamoja, anaweza kuomba ahesabiwe kwa nchi ya mkewe. Liombwe mapema, kwa maandishi, na cheti cha kuzaliwa cha mke kiambatishwe. Usitegemee karani alikumbuke kwa niaba yako.

Sasa NVC. Miadi hupangwa kwa wale ambao tarehe yao imefikiwa na faili lao limekamilika, kwa hiyo karatasi moja iliyokosewa inakurudisha mwisho wa mstari. Ada ni dola 345 kwa kila mtu, na mtandao wao hudai akaunti ya benki iliyoko Marekani. Panga na wakili au ndugu aliyeko huko kabla ya siku ya kulipa. Fomu ya DS-260, ya kuombea viza ya uhamiaji mtandaoni, ijazwe na kila mwanafamilia anayehama, hata mtoto wa kunyonya.

Kikwazo cha kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Salim Mohamed, pasipoti Salum Mohammed, cheti cha ndoa kimeongeza jina la babu. Rekebisha kinachorekebishika, kisichorekebishika kiandikie kiapo. Cheti cha tabia njema cha polisi kinatakiwa kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi, na pia kutoka nchi nyingine yoyote aliyoishi mwaka mzima au zaidi baada ya umri huo. Aliyefanya kazi Dubai au Muscat aanze kufuatilia mapema, maana kukiomba ukiwa mbali ni kazi ya barua na mawakala.

Uchunguzi wa afya ni kinyume chake: usiukimbilie. Kwa kawaida viza haiwi na uhai kuupita uchunguzi huo, na kikomo cha kawaida ni miezi 6. Fanya ukishapata tarehe, kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu. Ila mwenye historia ya kifua kikuu asingoje wiki ya mwisho, kwani kipimo cha kuotesha makohozi huchukua kama wiki 8.

Ukifungua ukurasa wa muda wa kusubiri wa balozi za Marekani, angalia unasoma nini. Zile siku zinazonukuliwa sana ni za viza za matembezi, masomo na kazi za muda. Hazikuhusu. Halafu tangu Novemba 2025 mwombaji wa uhamiaji anatakiwa ahojiwe nchi anayoishi au ya uraia wake, hivyo ujanja wa kutafuta ubalozi wenye foleni fupi umekwisha. Na kabla ya kutuma hata senti kwenye mradi, soma amri za rais zinazosimamisha viza: Burundi iliingizwa kwenye zuio Juni 2025, Tanzania ikafuata kwa tangazo la Desemba mwaka huo.

Mwenye kijana wa miaka 19 au 20 apige hesabu na wakili leo, kwani akifika 21 hahesabiwi tena mtoto wa kuhama na wazazi. Muda ambao ombi lilikaa USCIS hupunguzwa kwenye umri wake, lakini muda wa kungoja namba ya viza haupunguzwi, na namba ikipatikana familia ina mwaka mmoja wa kuchukua hatua.

Siku yenyewe nenda na asili za nyaraka zote, pamoja na mlolongo wa fedha: shamba lililouzwa, hati ya mauzo, kodi iliyolipwa, taarifa za benki mpaka pesa ilipovuka. USCIS walishaziona, lakini afisa wa dirishani ana haki ya kuuliza. Usiache kazi wala kuuza nyumba kwa sababu umepata tarehe ya mahojiano. Viza zikitoka, mwekezaji mwenyewe aingie Marekani kwanza au pamoja na familia; mke na watoto hawaruhusiwi kumtangulia.