Kufunga akaunti kwa pam_faillock kwenye Debian bila kujifungia nje

Seva yenye SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) iliyo wazi kwenye intaneti haipumziki: roboti zinakisia manenosiri usiku na mchana. PAM, mfumo wa Linux unaothibitisha anayeingia, ina moduli ya kuzifungia mlango, pam_faillock, iliyoingia kwenye Linux-PAM 1.4.0 mwaka 2020 na kurithi kazi ya pam_tally2, ambayo iliondolewa kwenye toleo la 1.5.0 mwaka huohuo. Maelezo haya ni ya Debian 12.

Hatua ya 1: acha mlango wa akiba. Fungua terminali ya pili, ingia kama root (msimamizi mkuu wa seva), usiifunge mpaka umalize. Programu husoma faili za PAM kila mtu anapoingia. Hakuna cha kuwasha upya, na ukikosea, kosa linauma papo hapo.

```
cp -a /etc/pam.d /root/pam.d.nakala
```

Hatua ya 2: weka masharti kwenye `/etc/security/faillock.conf`:

```
deny = 5
fail_interval = 900
unlock_time = 600
```

Yaani ukikosea mara 5 ndani ya dakika 15, unafungiwa dakika 10. Usipoandika kitu, kikomo ni 3, nami naona ni kidogo mno, kwa sababu makosa ya sudo (amri ya kutumia mamlaka ya root) nayo yanahesabiwa. Usiweke `unlock_time = 0`: akaunti haitafunguka yenyewe, na mtu yeyote anayejua jina lako la kuingilia anaweza kukufungia makusudi.

Hatua ya 3: hariri `/etc/pam.d/common-auth`. Hapa ndipo watu huumia. Mistari iwe hivi:

```
auth required pam_faillock.so preauth
auth [success=2 default=ignore] pam_unix.so nullok
auth [default=die] pam_faillock.so authfail
auth requisite pam_deny.so
auth required pam_permit.so
```

Mwanzoni mstari wa pam_unix ulikuwa na `success=1`: nenosiri likiwa sahihi, ruka mstari mmoja, yaani pam_deny, utue kwenye pam_permit. Sasa umechomeka authfail, mstari unaorekodi kosa, katikati, kwa hiyo ya kuruka ni miwili. Ukiiacha ile 1 ilivyokuwa, mwenye nenosiri sahihi anatua kwenye pam_deny na kukataliwa, na logi haitakwambia kwa nini. Kila unapoongeza au kuondoa mstari hapo, hesabu upya kwa kidole.

Mstari wa preauth ni `required`, ndiyo maana aliyefungiwa hapiti hata akipatia nenosiri. Root hafungiwi, labda uwashe `even_deny_root`. Mimi siiwashi.

Hatua ya 4: juu kabisa ya `/etc/pam.d/common-account`, ongeza mstari wa kufuta hesabu mtu anapofanikiwa kuingia:

```
account required pam_faillock.so
```

Hatua ya 5: jaribu kwa mtumiaji wa majaribio (hapa asha), si wewe. Kosea makusudi kwa SSH, kisha kwenye ile terminali ya root:

```
faillock --user asha
faillock --user asha --reset
```

Amri ya kwanza inaorodhesha makosa, saa yake na anwani yalikotoka. Ya pili inamfungulia. Kumbukumbu hizi hukaa `/var/run/faillock`, hivyo seva ikiwashwa upya zinafutika.

Anayeingia kwa ufunguo wa SSH hapitii mistari ya auth, kwa hiyo kufuli hii haimgusi. Na ukiendesha `pam-auth-update`, amri ya Debian inayoandika faili hizi za common-*, siku nyingine, usiipe `--force`, maana itafuta ulichoandika kwa mkono.