Kuongeza baraza la nyuma: anza na kimo cha paa

Tuchukue nyumba ya tofali za saruji Dar es Salaam, sebule ikitazama uani, na baraza linalotoka ukutani mita 3, lenye urefu wa mita 5. Wengi huanza kwa kuchora sakafu. Anza juu, maana paa la zamani ndilo linaloamua baraza litoke kiasi gani.

Hatua ya 1: Hesabu ya kimo. Pima kutoka sakafu ya sebule hadi ukingo wa paa. Tuseme ni mita 2.5. Bati likilazwa kwa nyuzi 10, kwenye mita 3 linashuka sentimita 53. Toa sentimita 30 nyingine za mbao za paa na boriti ya mbele. Inabaki mita 1.67, na kila mgeni atagonga kichwa. Fundi akitaka kukuokoa kwa kulaza bati zaidi, kataa: mvua ya masika yenye upepo hurudisha maji chini ya maungio.

Dawa yake ni kukata ukingo wa zamani na kufunga mbao ya inchi 2 kwa 6 ukutani, kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), kwa bolti za milimita 12 kila sentimita 60. Ukianzia mita 2.9, mbele unabaki na 2.07. Shusha sakafu ya baraza ngazi moja ya sentimita 15 upate 2.22, ngazi hiyohiyo huzuia maji kuingia sebuleni.

Hatua ya 2: Msingi. Kwanza tafuta chemba na shimo la maji taka. Usijenge juu yake. Chimba mpaka udongo mgumu, lakini usipite chini ya msingi wa nyumba. Usiunganishe zege jipya na la zamani. Nyumba imeshatulia, baraza bado litatitia, na ukizifunga pamoja ufa utatokea palepale kwenye kiungo. Weka kipande cha povu gumu cha sentimita 1 hadi 2 katikati, juu uzibe kwa silikoni.

Hatua ya 3: Jamvi, yaani sakafu ya zege. Unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.5, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 10 ya saruji. Tandaza nailoni chini. Sakafu iinamie uani sentimita 3 hadi 6, na imwagiliwe siku 7. Vigae viwe vya kukwaruza. Vinavyong'aa huteleza vikilowa.

Hatua ya 4: Mlango mpana. Kutoboa ukuta mita 2.4 ni kazi ya kuonwa na mhandisi, hasa kama kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinakaa juu yake. Egemeza mirunda kabla ya kugusa tofali. Boriti ya zege ya juu ya mlango ikalie ukuta angalau sentimita 20 kila upande, na mirunda isitolewe kabla ya wiki tatu. Hakikisha kuna dirisha upande wa pili wa sebule, la sivyo upepo hautapita hata mlango uwe mpana vipi.

Hatua ya 5: Paa. Nguzo tatu, kila mita 2.5, boriti ya mbele mbao mbili za 2 kwa 6 zilizobanwa pamoja, mbao za paa kila sentimita 90. Zifunge kwa mikanda ya chuma, misumari peke yake haitoshi: baraza liko wazi, upepo wa kusi hulisukuma bati kutoka chini. Bati la zamani lilalie jipya sentimita 20. Weka mabati mawili ya kupitisha mwanga, kwa sababu sebule itaingia giza.

Baraza likitazama magharibi, jua la alasiri litapenya chini ya paa lolote. Hapo panda miti au tundika pazia la mianzi.