Somo: Kuunda modeli ya boti ya uokoaji ya kijeshi kutoka kwenye ramani

Somo hili ni la mtu mwenye ramani mkononi na mbao mezani, ambaye bado hajakata kitu. Boti ninayoitumia kuelezea ni ile ya uokoaji ya futi 64 ambayo kampuni ya British Power Boat ya Hythe, kusini mwa Uingereza, ilianza kuikabidhi kwa jeshi la anga la nchi hiyo mwaka 1936. Hatua zenyewe zinafaa kwa boti yoyote ya kijeshi yenye umbo la namna hii, iwe ya doria, ya torpido au ya kuhudumia ndege za majini.

Historia kidogo kwanza, kwa sababu ndiyo inayoeleza umbo. Februari 1931 ndege ya majini aina ya Blackburn Iris ilianguka Plymouth Sound, ghuba ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Miongoni mwa waliokwenda kuokoa alikuwemo T. E. Lawrence, maarufu kama Lawrence wa Arabia, wakati huo askari wa cheo cha chini katika jeshi la anga akitumia jina la Shaw. Tangu hapo alipigania sana boti za kasi, akafanya kazi na Hubert Scott-Paine, mwenye kampuni ile ya Hythe, kuzijaribu boti za futi 37 na nusu za kuhudumia ndege za majini. Boti ya futi 64 ilikuja baadaye katika mkondo huohuo, ikiwa na injini tatu za Napier Sea Lion za nguvu farasi 500 kila moja, na mwendo wa zaidi ya maili 35 za baharini kwa saa.

Kwa mwendo huo boti hupanda juu ya maji na kuteleza. Tumbo lake ni la pembe kali huko omo (mbele), likielekea tezi (nyuma) linalala polepole hadi kukaribia kuwa bapa. Mahali tumbo linapokutana na ubavu pana ukingo mkali unaokwenda urefu wote wa boti. Nitauita mkunjo. Maji yanayosukumwa na tumbo yanapaswa kukatika hapo na kuruka nje. Ukiuviringisha mkunjo kwa msasa, maji yatapanda ubavuni na kuishika boti isipande. Kwa hiyo, unapofuata hatua hizi, jiulize kila mara kama unachokifanya kinaulinda mkunjo au kinauharibu.

Hatua ya 1: Ihakiki ramani kabla ya kuiamini

Ramani iliyotolewa nakala au kuchapwa upya huwa imenyooka au kusinyaa kidogo, na mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Pima mstari wa skeli kwa urefu, kisha pima kitu unachokijua kwa upana. Kwa skeli ya 1:24, yaani modeli ndogo mara 24 kuliko boti halisi, boti ya futi 64 inapaswa kuwa na urefu wa milimita 813. Kosa la asilimia moja tu ni milimita 8, na hizo zinatosha kufanya mataruma (fremu za kukingama zinazolipa ganda umbo) yasikutane na mkuku (uti wa chini wa boti).

Kisha soma michoro mitatu kwa pamoja: wa ubavuni, wa juu, na wa mikato (umbo la boti ikikatwa kwa kukingama). Katika mchoro wa mikato, nusu moja huonyesha mikato ya omo na nusu nyingine ya tezi, kwa kuwa pande mbili za boti ni sawa. Chagua mkato mmoja na upime nusu ya upana wake kwenye mkunjo, halafu pima palepale kwenye mchoro wa juu. Vipimo visipolingana, amua sasa ni mchoro upi utakaoufuata, na uandike uamuzi huo juu ya ramani. Mimi huufuata mchoro wa juu, kwa sababu mstari wake mrefu huonyesha kosa waziwazi, wakati mkato mmoja mmoja huficha.

Hatua ya 2: Toa unene wa ganda

Wengi huiruka hatua hii. Tafuta kwenye ramani kama mistari imechorwa kwa nje ya ganda au kwa nje ya mataruma. Ikiwa ni nje ya ganda na wewe utafunika kwa plaiwudi ya milimita 1.5, basi kila taruma lipunguzwe milimita 1.5 kuzunguka. Karibu na omo ubao haukai sambamba na mstari wa kati, unakuja kwa mshazari, kwa hiyo punguzo likipimwa kwenye uso wa taruma huwa kubwa kuliko unene wenyewe wa ubao. Chora mshazari huo kwenye karatasi uupime. Usikadirie.

Hatua ya 3: Mataruma, mkuku na ubao wa kujengea

Mataruma nayakata kwa plaiwudi ya milimita 3. Kunja karatasi kwenye mstari wa kati, kata nusu, ifungue, na pande zote mbili zitafanana. Usilikate umbo la sitaha kwa juu peke yake: acha kila taruma na miguu miwili inayofika kwenye mstari mmoja wa msingi, maana boti hii itajengwa ikiwa imepinduliwa, miguu ikisimama juu ya ubao ulionyooka. Chora kwenye ubao huo mstari wa kati na mistari ya vituo (mahali mataruma yatakaposimama), kila mmoja ukiwa na pembe mraba na wa kati.

Kuna kanuni moja ya kuyasimamisha ambayo ramani nyingi haziielezi. Mataruma yaliyo mbele ya katikati ya boti yawekwe uso wao wa nyuma ukiwa juu ya mstari wa kituo. Yaliyo nyuma ya katikati, uso wa mbele ndio ukae juu ya mstari. Boti inapungua upana kuelekea ncha zote mbili, na kwa mpango huu kila taruma linabaki na mbao ya ziada upande wa kupunguzwa. Ukigeuza, utakuta upungufu mahali ambapo ganda linahitaji kugusa.

Mkuku uingie kwenye pengo la kila taruma bila kulazimishwa. Kabla ya gundi, uangalie kwa jicho kutoka omo hadi tezi.

Hatua ya 4: Fito na kusawazisha

Fito ni vipande virefu vyembamba vya mbao. Ufito wa mkunjo na ufito wa sitaha viingie kwenye mapengo ya mataruma, vikibandikwa pande mbili kwa zamu: kidogo kushoto, kidogo kulia. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fito zitavuta na fremu nzima itapinda.

Halafu anza kusawazisha, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Bandika msasa kwenye ubao ulionyooka wenye urefu wa kufikia mataruma matatu kwa mara moja. Usisugue kwa msasa ulioshikwa kwa vidole, utachimba mabonde. Laza ufito mwembamba juu ya mataruma, usogeze kutoka mkuku hadi mkunjo, na utazame mwanga chini yake. Unapoona mwanga kwenye taruma moja, hilo liko chini: bandika kipande chembamba cha mbao ulijaze. Unapoona ufito umenyanyuka kwenye taruma moja, hilo liko juu: lipunguze. Endelea mpaka ufito ulale umetulia popote unapouweka. Ganda halifichi kosa la fremu, hulionyesha, na rangi inayong'aa hulionyesha zaidi.

Theluthi ya nyuma ya tumbo inataka uangalizi wa pekee. Kuanzia hapo hadi ubao wa tezi (ule unaofunga boti kwa nyuma), mstari wa tumbo uwe umenyooka kabisa kwa urefu. Weka rula ya chuma uhakikishe.

Hatua ya 5: Mirija ya shafti na ya usukani

Iweke kabla ya kufunika tumbo, wakati bado unaona ndani. Boti halisi ina shafti tatu, yaani fimbo zinazozungusha rafadha (mapanga ya kusukuma maji). Kwa modeli ya kuelea unaweza kuendesha zote tatu, au ya kati peke yake na za pembeni zibaki za kuonyesha. Tumia fimbo iliyonyooka kama shafti ya muda ipitayo hadi kwenye kitako cha mota, ili mota na shafti vikae mstari mmoja. Mota iliyopishana na shafti yake hutetemeka na kula nguvu ya betri bure.

Hatua ya 6: Ganda

Funika ubavu wa kila upande kwanza, kisha tumbo. Ubao wa ubavu ukishakauka, sugua ukingo wake uwe sawa na mteremko wa tumbo, ili ubao wa tumbo uje juu yake na kuufunika. Utaratibu huo unakwenda vizuri kutoka tezi hadi karibu na omo. Mbele zaidi, pembe kati ya tumbo na ubavu inafunguka sana, na kufunika huko hakufai tena: hapo mbao zikutane ncha kwa ncha. Weka alama mapema mahali pa kubadilisha, pande zote mbili umbali uleule kutoka omo.

Plaiwudi inakubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati. Huko omo tumbo linapinda na kujisokota pamoja. Wajenzi wa boti halisi walitumia tabaka mbili za mbao nyembamba za mahogani zilizolazwa kwa mshazari, zikipishana, na kitambaa katikati. Nawe fanya hivyohivyo sehemu hiyo: vipande vyembamba vya upana wa milimita 10 hivi, tabaka mbili za mishazari inayopingana. Ni kazi ndefu, lakini umbo hutoka lilivyo.

Hatua ya 7: Kuziba, kisha sitaha

Paka epoksi (gundi ya maji ya sehemu mbili inayoganda) nyepesi ndani yote kabla ya sitaha kufungwa, hasa kwenye pembe za mkuku. Nje laza kitambaa chepesi cha nyuzi za kioo kwa epoksi. Mkunjo utakuwa umelainika kidogo kwa kazi hiyo, hivyo uurudishe: mimina ukingo wa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, kisha uusugue uwe mkali kwa ule ubao wenye msasa.

Sitaha na vyumba vya juu sitavieleza sana, ni kazi ya kisanduku. Viwe vyepesi tu, na acha mlango mpana wa kufikia betri.

Maswali ya wanachama

*Fundi, salaam. Ramani yangu ni ya 1:24 ila nataka boti kubwa, 1:16. Je, nikiikuza nakala tu inatosha?*

Salaam. Mistari ya umbo itakuzwa vizuri, urefu utakuwa kama milimita 1,219. Ila mapengo ya plaiwudi ya milimita 3 yatakuwa ya 4.5, na punguzo la ganda nalo litakua. Chora upya mapengo yote na punguzo kulingana na mbao uliyonayo. Kumbuka pia uzito unakwenda kwa mchemraba: modeli ya 1:16 itakuwa nzito zaidi ya mara tatu.

*Nitajuaje modeli yangu inapaswa kuwa na uzito gani, mkuu?*

Gawanya uzito wa boti halisi kwa skeli mara tatu. Tuseme boti ina tani 20: kilo 20,000 ugawe kwa 24 mara 24 mara 24, yaani 13,824. Unapata takriban kilo 1.45, pamoja na betri na mota. Ndiyo sababu nasisitiza sehemu za juu ziwe nyepesi. Mwendo wenyewe unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli: maili 35 za baharini kwa saa zinakuwa kama mita 3.7 kwa sekunde. Modeli ikienda kwa kasi hiyo, mawimbi yake yatafanana na ya boti halisi.

*Plaiwudi yangu inapasuka nikiikunja omo hata nikiilowesha.*

Angalia mwelekeo wa nyuzi za tabaka la nje. Zikienda sambamba na mstari wa kukunjia, ubao hupinda kwa urahisi zaidi. Kama bado inapasuka, unailazimisha kujisokota. Kata hapo, umalizie kwa vipande vya mshazari.

*Boti yangu ikishika kasi inainua pua, inaanguka, inainua tena, haitulii. Nimebadilisha rafadha mbili, ndugu.*

Iache rafadha kwanza. Sogeza betri mbele kidogo kidogo na ujaribu kila mara. Anza na kitovu cha uzito kikiwa takriban asilimia 40 ya urefu kutoka ubao wa tezi. Isipotulia, ipindue uweke rula kwenye theluthi ya nyuma ya tumbo. Tumbo lililobenuka huko, hata kwa milimita moja, huvuta tezi chini na pua ikapanda. Jaza, usugue iwe bapa.

*Naweza kutumia balsa, ile mbao nyepesi na laini, badala ya plaiwudi?*

Kwa kipande cha pua kilichochongwa, ndiyo, kisha kizibwe kwa epoksi. Kwa mataruma, hapana: fito zitaibonyeza.

*Boti hizi zilikuwa rangi gani hasa? Naona picha tofauti.*

Picha zinatofautiana kwa sababu rangi zilibadilika. Ganda jeusi lilikuwa la kawaida. Wakati wa vita sitaha na sehemu za juu za boti nyingi za uokoaji zilipakwa manjano ili marubani wazione kutoka angani. Chagua boti moja yenye namba yake na mwaka mmoja, tafuta picha zake, na ufuate hizo tu. Ukichanganya picha za miaka miwili utapata boti ambayo haikuwahi kuwepo.